Kitunguu cha ua kina kichwa na kitako: mwongozo kamili wa kupanda bila kugeuza juu chini

Jirani yangu hapa chini ya Mlima Meru alinunua vitunguu ishirini vya ua la gladiola, akachimba mtaro mzuri, akaweka samadi iliyoiva, akawa anamwagilia kila siku. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu zikatoka nne tu. Akaniita, "Dada njoo uone, hizi mbegu wamenipiga." Nikapiga magoti nikafukua kwa vidole pale palipokuwa patupu, nikatoa moja. Nzima, ngumu, haijaoza hata kidogo, na chini yake limetoka chipukizi jeupe refu kama kidole cha kati, lilishuka kidogo likagonga udongo mgumu, likajikunja kama ndoano, likaanza kupanda pembeni ya kitunguu kutafuta juu. Mbegu ilikuwa nzima kabisa, ilipandwa kichwa chini tu. Tukafukua nyingine na nyingine, kumi na sita zote hivyo hivyo.

Sasa hapo huwezi kumlaumu mtu, maana ukienda kununua unapewa vitu vimefungwa kwenye gazeti, vina rangi ya udongo, havina jani wala mzizi, na muuzaji anakwambia "panda tu, vitaota." Mbegu ya maharage hata ukiirusha inaota. Ila hivi vitunguu na viazi vya maua vina sehemu moja au chache ambapo chipukizi linatokea, na ukishajua hiyo sehemu iko wapi kazi yote iliyobaki ni rahisi. Kwahiyo kabla hujashika jembe, shika kwanza kitunguu ukigeuze mkononi, ukitafute kichwa.

Kwani kikigeuka kinakufa?

Mara nyingi hakifi, na ndio maana utasikia watu wanasema haina shida, panda vyovyote mmea utajijua. Ni kweli mmea unajua chini ni wapi hata gizani. Ncha ya mzizi ina vichembe vya wanga ambavyo vinalala upande wa chini kama mchanga unavyotulia kwenye chupa ya maji, ukiigeuza chupa mchanga unahamia chini tena, basi mmea unasoma hapo. Mwaka 1806 Mwingereza mmoja, Thomas Andrew Knight, alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu linalozungushwa kwa kasi na maji ya kijito, zikaota zikiwa zinazunguka, na mizizi yote ikaelekea nje ya gurudumu na machipukizi yote yakaelekea katikati. Yani zilifuata msukumo wa gurudumu badala ya ardhi. Kwahiyo usiogope kwamba chipukizi litaenda chini milele.

Ila sasa angalia gharama yake. Kile kitunguu ni ghala la chakula, na chakula chenyewe kina kipimo. Chipukizi likianza kwa kushuka, likageuka, likazunguka kitunguu kizima ndio lianze safari ya kwenda juu, limeshatumia akiba ambayo ilitakiwa itengeneze majani na ua. Kwenye udongo wa tifutifu na kitunguu kikubwa litatoka, litachelewa, shina litakuwa na kona chini. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, au kitunguu kidogo, au umechimbia kina kirefu, halitoki kabisa, linaozea humo. Na kama unapanda ili uuze maua ya kukata, ndio kabisa, mteja anataka bua lililonyooka na anataka yote yachanue wiki moja, sio haya leo yale mwezi ujao.

Alafu kuna jambo watu wengi hawalijui. Kwenye vitunguu kama amarilisi, ua la msimu unaokuja limeshatengenezwa humo ndani tayari, dogo sana, limelala katikati ya maganda. Ukikata kimoja kwa urefu unaliona. Ukikipanda vibaya unahatarisha kitu ambacho mmea ulishakifanyia kazi msimu mzima uliopita.

Hatua ya kwanza: jua umeshika kitu gani

Nenda jikoni, hapo ndio darasa. Chukua kitunguu maji, tangawizi, gimbi na kiazi mviringo, viweke mezani, maana karibu maua yote ya aina hii yanafanana na kimojawapo.

Kitunguu maji ukikipasua kwa urefu unaona maganda yamepangana, na chini kuna kisahani kigumu ambacho wapishi tunakikata tunatupa. Kile kisahani ndio kitako, mizizi inatoka pale na si pengine. Juu kuna shingo. Amarilisi, krainamu, tuberozi na lili ziko hivi.

Gimbi ukilipasua ni nyama tupu, hakuna maganda ndani. Gladiola iko hivi. Watu wanaiita kitunguu kwasababu ina ngozi kavu kwa nje, ila ndani ni gimbi. Kichipukizi kipo juu katikati, na chini kuna kovu la duara.

Tangawizi ni shina linalotembea kwa kulala, na macho yake yako juu na ubavuni. Ua la kana liko hivyo, yungiyungi zile nyeupe za mabondeni zinazopenda maji nazo zinakaribiana na hapo.

Alafu kiazi. Hapa kuwa makini. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, ukikikata vipande kila kipande chenye jicho kinaota. Lakini viazi vya maua vingi haviko hivyo. Dalia inafanana zaidi na muhogo, na wote tunajua ukichukua muhogo wenyewe ukauzika hauchipui, kinachochipua ni shina. Nitalirudia hili huko mbele kwasababu ndipo watu wanapopoteza hela.

Hatua ya pili: tafuta alama

Kaa juani, mchana, sio jioni na taa ya simu. Toa udongo uliokauka kwa mswaki mkavu au kwa kidole gumba, usioshe kwa maji kama hupandi siku hiyo hiyo. Alama zenyewe ni hizi.

Mizizi ya zamani. Hata kitunguu kikavu kiasi gani mara nyingi kina nywele nywele au vipande vya mizizi vilivyokauka. Upande huo ni chini. Hii ndio alama ya kwanza kuitafuta, lakini isikudanganye kwenye begonia na viazi vingine vinavyotoa mizizi pande nyingi, huko usiitegemee peke yake.

Ncha. Kitu kikiwa na ncha moja iliyochongoka, mara nyingi ncha iko juu. Mara nyingi, sio kila mara.

Kovu. Kovu pana, la duara, lililobonyea, mara nyingi ndipo kitunguu kilipokuwa kimekaa juu ya mama yake, kwahiyo ni chini. Kovu dogo lenye mabaki ya bua kavu ni juu, bua lilitoka hapo.

Jicho. Kinundu kidogo, wakati mwingine chekundu au cha kijani kibichi au cheupe, laini kuliko ngozi inayokizunguka. Pitisha ncha ya kidole taratibu na macho umefumba, vidole vinaona vinundu ambavyo macho yanavikosa.

Kama bado hujui, kuna njia moja ambayo mimi naiamini kuliko zote: kiamshe kwanza. Chukua beseni au trei, weka maranda au mchanga uliolowana kidogo, ukiukamua mkononi usitoe maji, panga vitunguu juu yake vikiwa vimelala, funika na gunia jepesi, weka kivulini penye joto joto. Angalia kila baada ya siku tatu. Ndani ya wiki mbili tatu kitu chenyewe kitakuonyesha, kijicho kitavimba na vimizizi vyeupe vitaanza. Hapo hamna kubahatisha tena. Kwa dalia na kaladi mimi nafanya hivi kila msimu hata nikiwa na uhakika, maana pia unagundua vilivyooza mapema kabla hujavipa nafasi shambani.

Hatua ya tatu: kila ua na mkao wake

Amarilisi na krainamu ni rahisi. Shingo juu, kitako chini, na kosa la watu sio kugeuza bali kuzika. Amarilisi inataka theluthi moja ya kitunguu ikae nje ya udongo, mabega yanaona hewa. Ukizika yote maji yanaingia kwenye shingo yanakaa katikati ya maganda, kinaoza kutokea ndani na wewe kwa nje unaona kiko sawa. Kwenye chungu acha vidole viwili tu kati ya kitunguu na ukingo, inapenda kubanwa. Lile ua jekundu la duara kama mpira linaloibuka porini mvua zikianza nalo ni kitunguu, shingo yake ikae usawa wa udongo.

Tuberozi, lile ua jeupe linalonukia usiku, asili yake ni Mexico na huku kwetu linakubali vizuri. Vitunguu vyake vidogo, virefu, vimeshikana kama vidole. Ncha juu, sentimita 5 hadi 7 chini, umbali kama sentimita 15. Kitunguu kikishatoa ua hakitoi tena, watoto wake ndio watatoa, kwahiyo ukinunua chagua vilivyonenepa vyenye ncha nzima, sio vile vyenye kisiki cha bua kavu katikati.

Gladiola ndio hii ya jirani. Ukiwa umeishika, upande mmoja umebonyea kama sahani na una kovu la duara, mara nyingi na mabaki meusi makavu ya kitunguu cha mwaka jana. Huo ni chini. Upande wa pili una kichuguu chenye ncha ndogo katikati, hata kama ncha imekauka unaona pale majani yalipokuwa yanatoka. Shida inakuja pale ambapo muuzaji ameshamenya ngozi yote na kitunguu ni bapa kama andazi lililokandamizwa, pande zote mbili zinafanana. Hapo tafuta mistari. Gladiola ina mistari ya duara inayoizunguka, duara ndani ya duara, na vijicho vimepangana juu ya mistari hiyo, na duara dogo kabisa ndio linazunguka kichwa. Lile kovu la chini halina kijicho katikati, lina ukavu tu kama gome. Kina ni sentimita 8 hadi 10, na kwenye udongo mwepesi nenda hata 15 ili zisianguke zikibeba maua. Hesabu miezi miwili na nusu mpaka mitatu hivi tangu kupanda hadi kuchanua. Baadae inaota mizizi minene inayojikunja na kukivuta kitunguu kipya kishuke, kwahiyo usihangaike sana ukiona umekosea kina kwa sentimita mbili.

Na gladiola sio mgeni huku. Jamaa zake wa porini wako nyanda zetu za juu, na mmojawapo wa Afrika, wenye maua ya rangi ya machungwa na njano, ni kati ya wazazi wa hizi kubwa tunazonunua leo.

Dalia sasa. Kaa hapa kidogo.

Ukichimba shina la dalia unatoa kitu kama kichana cha mihogo, katikati kuna kisiki cha bua la zamani na viazi vimening'inia kukizunguka. Jicho liko pale shingo ya kiazi inapokutana na kisiki, kwenye ule ukosi, na halipo pengine popote. Mwili wa kiazi ni chakula tu. Kwahiyo kiazi cha dalia kilichokatwa shingo, hata kiwe kinene kama mkono wa mtoto, ni kipofu. Niliwahi kununua kumi kwa muuzaji mmoja, vinene, visafi, vinapendeza, nikavipanda kwa uangalifu wote, miezi miwili hakuna kitu. Nikafukua nikakuta vyote vizima na vingine vimeota hadi mizizi, ila vyote kumi vimekatwa chini ya shingo. Vingekaa humo hadi vichoke. Tangu hapo mimi sinunui dalia kabla sijaona ukosi wake, na ukinyimwa kushika na kugeuza, acha, nenda kwa mwingine.

Kama una kichana kizima, ukipande kikiwa kimekaa, kisiki juu na viazi vimeelekea chini na pembeni, kama kilivyokuwa. Kama umekigawa, kila kiazi na kipande cha ukosi chenye jicho, kata na kisu kikali kilichofutwa, paka majivu kwenye jeraha, acha kikauke kivulini siku moja mbili. Kukipanda usikisimamishe. Kilaze ubavu kwenye shimo la sentimita 10 hadi 15, jicho liangalie juu. Kama jicho liko ubavuni, kizungushe kama unavyozungusha chupa iliyolala mpaka jicho lije juu. Mti wa kushikilia uchomeke siku hiyo hiyo, kabla ya kufukia, sentimita 5 kutoka kwenye jicho. Ukisubiri mmea ukue ndio uchomeke utatoboa kiazi usichokiona. Umbali kati ya shimo na shimo ni sentimita 45 hadi 60 kwa aina kubwa.

Na maji. Dalia iliyopandwa haina mizizi ya kunywa bado, kwahiyo udongo ukiwa na unyevu wakati wa kupanda inatosha, usimwagilie tena mpaka uone kijani, labda kama kumekauka kweli kweli. Wengi wanaiozesha kwa huruma.

Kana ni kama tangawizi kubwa. Ilaze, macho yanayochongoka yaelekee juu, funika sentimita 5 hadi 8. Ukikosea hapa haina madhara makubwa, kana ina nguvu sana itatoka tu, na ndio maana unaikuta mpaka pembeni ya mitaro mijini.

Glorioza, ile ya petali nyekundu na njano zilizopinda kama miali ya moto, ambayo ni ua la taifa la Zimbabwe na kwetu linajiotea porini na hadi pwani. Kiazi chake ni kama herufi V au L, laini kwa nje, rangi ya kahawia hafifu. Vichwa viko kwenye ncha za vidole vyake, sio kwenye kona. Kilaze bapa, sentimita 5 hadi 10 chini, usikisimamishe. Ncha ikivunjika kidole hicho kimekwisha, na ncha zenyewe zinavunjika kirahisi kuliko unavyodhani, kwahiyo usiichimbe na jembe wala kuitupa kwenye ndoo. Weka karibu na fensi au fito, majani yake yana mikia inayojishikiza.

Glorioza yote ni sumu, na kiazi ndio kibaya zaidi. Kina sumu inayoitwa kolchisini, na kule Sri Lanka watu wameshakufa kwa kukila wakidhani ni kiazi cha chakula. Vaa glavu, nawa mikono, na usikihifadhi jikoni wala stoo pamoja na viazi vikuu na viazi vitamu, hata kwa siku moja. Kama nyumbani kuna watoto wadogo au mbuzi wanaozurura, mimi ningekushauri uache kabisa uchague ua lingine.

Begonia ya kiazi ndio inawageuza watu wengi kwasababu iko kinyume na unavyotegemea. Ina umbo la kibakuli, upande mmoja umebonyea na mwingine mviringo wenye manyoya. Mtu akiona mviringo anafikiri ndio kichwa. Hapana, kibakuli kinaangalia juu, macho yamo humo kwenye bonde, na ule mviringo wenye manyoya ndio chini. Funika kidogo sana na usimwage maji kwenye bonde lenyewe, yakituama hapo panaoza.

Kaladi, yale majani ya rangi rangi ambayo watu wa Dar, Tanga na Mombasa wanayaweka barazani kwenye vyungu, upande wenye vinundu uko juu na ulio laini uko chini. Ikigeuzwa inatoka, inachelewa tu. Inataka joto, kwahiyo huku kwetu kwenye baridi mimi naiamsha ndani. Kala za rangi nazo ni hivyo hivyo, vinundu juu.

Ranankula inafanana na pweza mdogo mkavu, vidole vyake vinaelekea chini. Iloweke kwenye maji masaa matatu manne kwanza, itavimba, usiiache usiku kucha. Inapenda baridi, pwani usijisumbue.

Lili zile kubwa za kwenye maharusi zina kitunguu cha magamba kama ua la atichoku, magamba hayajafunikwa na ngozi yoyote kwahiyo yanakauka haraka, panda siku ulionunua. Kitako na mizizi chini, na zichimbie kweli, sentimita 15, kwasababu lili inatoa mizizi mingine kwenye bua lenyewe juu ya kitunguu, na hiyo inataka udongo wa kukaa.

Tulipu watu wananiuliza kila mwaka. Kichwa chake kinajulikana wazi, ncha juu. Lakini tulipu inahitaji wiki 12 au zaidi za baridi ya friji, kama nyuzi 9 kushuka chini, kabla haijapandwa, la sivyo inatoa majani tu au inachanulia ardhini. Kwa bei yake mimi siishauri kwa mtu anayeanza.

Hatua ya nne: shimo lenyewe

Kanuni ya kuanzia ni kuchimba mara mbili mpaka tatu ya urefu wa kitunguu. Kitunguu cha sentimita 4, kitako kikae kwenye sentimita 8 hadi 12. Amarilisi na begonia haziimo kwenye kanuni hii, nimeshazieleza.

Udongo usituamishe maji. Jaza shimo maji uone, kama baada ya masaa machache bado yamo, usipande hapo, inua tuta sentimita 20 au ongeza mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi na mbolea ya kuku ambayo haijapoa inaunguza, na hata iliyoiva isigusane na kitunguu moja kwa moja, iwe chini kidogo na udongo katikati.

Alafu hapa kuna kitu kidogo ambacho kinaharibu kazi nzuri. Unakiweka kitunguu wima kabisa, unamwaga udongo kwa jembe, udongo unakigonga kinalala au kinageuka, wewe huoni. Kwahiyo chimba sakafu bapa, kisukume kitako kizame kidogo kwenye udongo laini, kizungushe kama unavyokaza kifuniko mpaka kikae bila kuyumba, hakikisha hamna uwazi chini yake, alafu shika kichwa kwa mkono mmoja na fukia kwa mkono mwingine mpaka kichwa kifunikwe. Ndio utumie jembe. Kandamiza kwa viganja, usikanyage. Kwenye mtaro mrefu mimi napanga vyote kwanza, natembea mstari mzima nikiangalia vichwa, ndio naanza kufukia.

Chomeka kijiti kila penye kitunguu. Utasahau, mtu atakuja kulima bizari hapo hapo.

Muda: kwa sisi wa Arusha, Moshi na Lushoto, vuli inafaa kwa vingi. Masika makubwa ya Aprili ni mabaya kwa kitunguu ambacho bado kimelala, kama lazima, tumia matuta au vyungu. Na kama kwenu kuna fuko, suka waya wa kuku chini ya tuta kabla ya kupanda, maana wanabeba kimoja kimoja mpaka mtaro unaisha na wewe unadhani havijaota.

Ukikosa kabisa kujua juu ni wapi

Kilaze ubavu. Basi. Kikilala ubavu chipukizi lina kona moja tu ya kukata, robo mzunguko, badala ya kuzunguka mwili mzima, na mizizi hivyo hivyo. Hakuna kiazi ninachokijua ambacho kinakufa kwa kulazwa ubavu, na baadhi kama dalia, kana na glorioza ndio mkao wao. Kwenye kina, punguza kidogo.

Ulishapanda na una wasiwasi?

Gladiola zipe wiki tatu, dalia wiki nne, glorioza hadi sita kwasababu inaamka taratibu. Zikipita, fukua kimoja tu, kwa mkono, ukianzia pembeni sentimita 10 kutoka kwenye kijiti, usianzie juu, maana chipukizi linaweza kuwa limebakiza kidole kimoja litoke na wewe ukalivunja. Ukikuta kimelainika na kinanuka, toa na udongo unaokizunguka. Ukikuta kigumu na hakuna kitu, rudisha, subiri.

Ukikuta chipukizi limejikunja kama lile la jirani, usilinyooshe. Likinyooshwa linakatika pale pale kwenye kona, nilishajaribu. Geuza kitunguu kizima mpaka ncha ya chipukizi ndio iangalie juu, haijalishi kitunguu kimekaaje, hata kama kitalala ubavu au upande upande, funika na udongo laini uliochanganywa na maranda, sio kina kirefu, mwagilia kidogo. Zile kumi na sita tulizifanya hivyo jioni ile ile. Kumi na tatu zilitoka, na mbili kati ya hizo ni zile ambazo ncha ilikatika, zikatoa chipukizi lingine kutoka kijicho cha pembeni. Mabua yana kona chini na yalichanua nyuma ya zile nne za kwanza, lakini yalichanua.

Msimu ukiisha

Subiri majani yawe ya njano, usikate yakiwa ya kijani, yanarudisha chakula ghalani. Ukichimba gladiola utakuta kitunguu kipya kimekaa juu ya mgongo wa kile cha zamani kilichonyauka. Kausha wiki mbili tatu penye hewa, alafu pindua cha zamani kwa kidole gumba, kinabanduka chenyewe na kuacha lile kovu la duara. Hiyo ndio chini ya mwaka ujao, na ndio wakati mzuri wa kuliona likiwa bado wazi.

Kwa dalia, macho yanaonekana vizuri siku ya kuchimba na wiki chache baadae, baada ya hapo yanajificha. Kwahiyo siku hiyo hiyo chukua kalamu ya wino mzito, zungushia jicho, na kwenye mwili wa kiazi andika jina la rangi na mshale unaoelekea juu. Panga kwenye boksi la katoni, kwenye maranda makavu, mishale yote upande mmoja, weka penye giza na hewa. Pita mara moja kwa mwezi uviguse. Kilicholainika toa, kilichosinyaa sana nyunyizia maranda yake maji kidogo kwa mkono.

Na kama unapita Kitulo au milima mingine ya Nyanda za Juu Kusini ukaona maua ya ajabu yanatoka ardhini, usichimbe uende kujaribu kwako. Viazi vya okidi za kule vimechimbwa sana kuuzwa upande wa Zambia kwa chakula, na ukikiondoa kile kiazi mahali pake kwa kawaida hakikubali bustanini hata ukikiweka juu juu na chini chini, kwasababu kinaishi na kuvu wa udongo ule ule. Nunua vya kitaluni, au omba kwa jirani, krainamu na kana zinazaa mno, hakuna mtu atakunyima.